Deni Limetangulia Jina

Ami ana jiko la biriani za arusi pale Kibokoni, na tovuti yake ya oda nilimtengenezea mimi. Mteja akishaagiza, hutumiwa linki ya kumalizia malipo. Ya kwanza ami akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la arusi yenyewe, mashemeji wa pande zote mbili wamo, ikasomeka hivi mwisho wake: ?deni=18000&jina=MamaArusi&siku=Ijumaa.

Simu ikalia papo hapo. "Jina langu halijatajwa, deni lishatangulia? Mwanivua nguo mbele ya wakwe!"

Ami akanigeukia. "Mtu huamkiwa kwanza, ndipo adaiwe."

Wallahi mimi niliandika jina, siku, deni. Lakini ile maktaba ya tegi, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari vinavyounda linki, ilivitia vyote kwenye HashMap, kabati la data la lugha ya programu ya Java, na hiyo haijali nani kaja mwanzo. Hupiga hesabu kwa herufi za kila neno, kisha hulipatia neno hilo chumba kati ya 16: deni namba 2, jina namba 3, siku namba 5. Wakati wa kutoka, hutoka kwa foleni ya vyumba. Seva haina neno, husoma kwa majina. Mama arusi si seva.

Nikahamia LinkedHashMap, ipo tangu Java 1.4 ya mwaka 2002, nayo humkumbuka aliyetangulia. Jina likakaa mbele, ami akatabasamu hadi jino la dhahabu likaonekana. Linki mpya hiyoo, grupuni. Mama akabofya: "Linki hii imechezewa." Kumbe upande wa malipo huhakiki muhuri uliopigwa juu ya linki nzima, herufi kwa herufi, kwa mpangilio ule wa zamani. Jana mdaiwa, leo tapeli.

Dawa yake yajulikana: pande zote mbili zipange kwa alfabeti kabla ya kupiga muhuri. Nikapanga. D, J, S. Deni likarudi kiti cha mbele.

Ami, ambaye kompyuta huigusa kama sufuria iliyo motoni, akauliza polepole, "Kwani lazima liitwe deni? Si mliite salio."

Jina, salio, siku. Muhuri ukakubali.

Linki yenyewe mama hakuigusa tena. Alimtuma kijana na bahasha, ndani shilingi 17,500, juu pameandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mia tano nimekata za aibu."