Uwanja wa maonesho wa Knoxville na Nane Nane yetu

Kila Agosti ndugu zangu wa Mbeya hunitumia picha za Nane Nane: ng'ombe wa maziwa, trekta jipya, banda la halmashauri, spika inakoroma. Huku Iowa, Marekani, nami Agosti ndiyo huwa naelekea kwenye uwanja wa maonesho ya wakulima. Tofauti ni kwamba ng'ombe wanakuwa wameshaondoka, na watu wamejaa kutazama magari yakirusha udongo.

Mji unaitwa Knoxville, makao makuu ya Kaunti ya Marion, mwendo wa kama saa moja kutoka Des Moines. Wakazi wake hawafiki 8,000, lakini jukwaa la uwanja wake linakalisha watu wengi kuliko mji mzima. Wiki ya mashindano makubwa wenyeji hukodisha hata nyasi za mbele ya nyumba zao, wageni wakapiga mahema hapo. Nimewaza sana imekuwaje kamji kama haka kakawa makka ya mbio za magari ya sprinti, yaani magari madogo mepesi yenye injini kali yanayoshindana kwenye njia fupi za udongo, na sikubaliani na wale wana-diaspora wenzangu ambao kila swali la namna hii wanalijibu kwa neno moja, “nidhamu ya Wazungu”.

Jibu lipo kwenye farasi. Tangu karne ya 19 maonesho ya wakulima Marekani yalikuwa na mbio za farasi, na viwanja vingi vilichongewa njia ya udongo yenye umbo la yai, ya nusu maili au maili nzima. Magari yalipoingia yalikuta kila kitu kipo: njia, jukwaa, na watu waliozoea kulipa getini. Juni 1903 Barney Oldfield alizunguka maili moja ya udongo kwenye uwanja wa maonesho wa Indianapolis kwa chini ya dakika moja, na magazeti yakamfanya shujaa. Mwaka 1915 kikaanzishwa chama cha mbio kinachoitwa IMCA, na promota wake mkuu, J. Alex Sloan, akawa anazungusha madereva kutoka maonesho hadi maonesho kama sarakasi. Baadhi ya mbio hizo mshindi alikuwa anajulikana kabla injini hazijawashwa. Wakulima walikuwa wanafurahi tu, wakati mwingine huku wakijua.

Knoxville wao walianza mbio za kila wiki mwaka 1954. Mwaka 1961 promota Marion Robinson akaita madereva kutoka majimbo mengine kwa mashindano ya kitaifa, akashinda Roy Robbins, na mashindano hayo ndiyo yanayojaza mji hadi leo. Steve Kinser ameyachukua mara 12, na ukilitaja jina hilo kwenye mgahawa wowote wa pale jiandae kusikiliza hadithi ndefu.

Sasa njoo kwenye udongo wenyewe, maana hapo ndipo mimi nilipotekwa. Ni udongo mweusi wa kunata, ule ambao mtu wa Usangu angeutambua kwa kuukanyaga tu. Mchana boza linamwaga maji, greda linapita, halafu pikapu na magari yenyewe ya mbio yanazunguka taratibu kuushindilia. Gari la sprinti halina stata wala klachi, kwa hiyo pikapu linalisukuma kwa nyuma mpaka injini inaitika, tena injini yenye nguvu farasi karibu 900 kwenye gari jepesi kuliko Vitz. Juu limebeba bawa kubwa kama paa la kibanda cha M-Pesa, linaloligandamiza chini lisiruke. Tairi la nyuma kulia ni kubwa kuliko la kushoto, makusudi, kwa sababu gari halina kazi nyingine zaidi ya kukata kushoto. Na dereva anakata kushoto huku tairi za mbele zimetazama kulia, maana nyuma ya gari inateleza! Mzunguko mmoja wa nusu maili, sekunde 15 hivi.

Mwanzo wa usiku udongo una unyevu na gari linashika popote. Kadiri mbio zinavyoendelea, katikati panakauka, panateleza na kung'aa kama sakafu, na udongo uliolegea unajikusanya juu kando ya ukuta. Dereva jasiri anaegemeza tairi la nyuma kwenye tuta hilo akipita sentimita chache kutoka ukutani. Akilivuka tuta, basi. Kwenye helmeti amebandika plastiki nyembamba nyingi, tope likiziba anang'oa moja na kuitupa. Ukikaa safu za chini unarudi nyumbani na udongo masikioni, na moshi wa methanoli unakuwasha macho mpaka unatoa machozi kama uko msibani.

Uwanja huo hauna tajiri anayeumiliki. Mwenye mali ni chama cha maonesho cha kaunti, yaani watu wa palepale. Kuanzia 1978 mbio zilisimamiwa kwa miongo mitatu na zaidi na Ralph Capitani, mwalimu na kocha wa shule ya sekondari ya mji huo. Hela ya getini ikiingia, wanaoamua inajenga nini ni wenyeji. Kwenye kona ya pili, mwaka 1992, yakafunguliwa makumbusho ya magari ya sprinti, na watoto wa shule wanaingia humo kuona mabati yaliyopinda ya miaka ya nyuma.

Nisieleweke kwamba huku kila kitu ni asali. Hivihivi viwanja vya maonesho vina historia ambayo mtu mweusi haiwezi kumpita. Chama kilichosimamia mbio kubwa nchini kiliwafungia nje madereva weusi, ndiyo maana Agosti 1924 Waafrika-Wamarekani waliandaa mbio zao za maili 100 kwenye uwanja uleule wa Indianapolis, Gold and Glory Sweepstakes. Charlie Wiggins, fundi hodari, alizishinda mara nne. Mwaka 1936 magari yakagongana kwa wingi, Wiggins akapoteza mguu, na mbio hizo hazikurudi tena. Kwenye jukwaa la Knoxville ninakaa kwa raha, watu wananisogezea mahindi ya kuchemsha yenye siagi, lakini nikihesabu nyuso nyeusi vidole vinabaki.

Na sisi tusijidharau kwa habari ya tope. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, ikipita Tanganyika, na milima ya Mbulu ilikuwa inameza magari. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na 1968 vilevile saba. Mtoto alitazama akiwa juu ya mti, bure, bila kiingilio. Hilo huku sijaliona, kila kiti kina bei.

Ila rali inapita na kwenda zake. Uwanja wa maonesho unabaki, na hapo ndipo tumelala. Viwanja vya John Mwakangale, vya Nane Nane pale Mbeya, nilivyoviacha vilikuwa na uzio, umeme, maji, majengo ya wizara na mashirika, vikichangamka wiki moja ya Agosti, kisha geti linafungwa na nyasi zinaota. Mbeya hiyohiyo ina maelfu ya vijana wa bodaboda wanaoshindana kila jioni barabarani, katikati ya malori ya Tunduma, na kila mwezi wapo wanaokufa.

Najua mtanijibu kwamba mbio ni hatari. Ni kweli, hata Knoxville watu wamekufa. Lakini pale kuna ukuta, kuna zimamoto, gari la wagonjwa limewasha injini kabla ya mbio kuanza. Kinachotakiwa kwetu kwa kuanzia ni njia ya nusu kilomita ya pikipiki, greda la halmashauri kwa siku mbili, boza, na kamati ya watu wa Mbeya yenye akaunti yake benki, ambayo hela yake haipandi basi kwenda Dodoma. Kama kuna diwani anasoma hapa, swali langu ni dogo: ufunguo wa lile geti kuanzia Septemba hadi Julai anakaa nao nani?