Yoga isije Mbeya kwa njia iliyopita Chicago

Panda treni ya Chicago kutoka Lincoln Park, mtaa wa wenye nazo na wengi wao Wazungu, ushuke kusini hadi Englewood wanakoishi zaidi watu weusi. Njiani studio za yoga zinapungua mpaka unazitafuta kwa tochi. Wapo wanaosema watu weusi hawaipendi yoga. Rosa Parks, yule mama wa mgomo wa mabasi wa Montgomery, alikuwa akiifanya miaka ya 1970. Kinachoamua ni kodi ya pango na nani anaweza kuilipa.

Miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani lilichora ramani za miji, mitaa ya watu weusi ikapakwa nyekundu, na mkopo wa nyumba huko ukawa adimu. Sheria ya 1968 ilipiga marufuku ubaguzi wa makazi, lakini utajiri ambao babu hakuruhusiwa kuujenga mjukuu hawezi kuurithi. Sisi ramani ya namna hiyo tunaijua kwa majina: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Kipindi kimoja katika studio kinafika dola 20 na zaidi. Hiyo ni bei ya ubaoni tu. Nafasi unaiwekea kwa programu ya simu, na programu inataka kadi ya benki. Ukichelewa kufuta unakatwa faini. Ofa ya mwezi wa kwanza ni rahisi, mwezi wa pili kadi inakatwa bei kamili bila kuulizwa. Vipindi vya "changia uwezavyo" vipo, ila mara nyingi vinawekwa saa 7 mchana siku ya kazi, wakati msafisha hoteli yuko zamu. Kozi ya ualimu ya saa 200 kwa kawaida inapita dola 2,000, kwa hiyo walimu nao wanatoka mitaa ileile. Mwalimu wa namna hiyo anakuambia ulale chali bila kujua kwamba misuko minene inasukuma kichwa mbele na kubana shingo. Dawa yake ni ndogo mno: kunja kanga mara nne, weka chini ya shingo, si chini ya kichwa.

Sasa nasikia mipango ya studio Forest ya Mbeya na Gangilonga ya Iringa, yenye vioo ukutani na mikeka ya kuagiza. Dada zangu na kaka zangu mnaofikiria hivyo, nawaomba mpige hesabu kwanza. Mtu mmoja akijinyoosha anahitaji kama mita 2.5 za mraba. Darasa la shule la mita 7 kwa 9, madawati yakitolewa nje, linabeba watu 24 bila kugongana. Jumamosi na Jumapili madarasa mengi yamefungwa. Ongeeni na mwalimu mkuu na kamati ya shule, andikeni barua, mlipe mlinzi na mfagiaji. Watu 20 wakichangia shilingi 1,000 mnapata 20,000 za kuanzia, na mama muuza ndizi wa Mwanjelwa anaingia bila kuulizwa kadi.

Vifaa visiwatishe. Mkeka wa ukindu juu ya saruji unateleza, na blanketi ni baya zaidi. Mtu anachanika msamba. Mikao ya kusimama ifanyeni miguu mitupu kwenye saruji yenyewe, inashika vizuri, blanketi libaki la kulalia. Badala ya mkanda, viringisheni kanga, ipitisheni unyayoni na kuvuta ncha zote mbili huku goti likiwa limelegea kidogo. Tofali la yoga mpeni fundi seremala akate mbao ya paina ya Mufindi, sentimita 23 kwa 15 kwa 10, apige msasa kingo zote.

Baridi ya Juni na Julai iheshimiwe. Asubuhi misuli ya nyuma ya paja imekaza kama kamba. Dakika 15 za kutembea na kuzungusha mabega zitangulie kabla ya kuinama popote. Saa 11 alfajiri msiweke kipindi, mama lishe yuko jikoni tayari. Jumapili saa 10 jioni anapatikana, ibada imeisha.

Swali la dini litakuja, na ni haki ya muulizaji. Yoga ilizaliwa India na ina mizizi ya kiroho. Mwambieni hivyo waziwazi, kisha mwonyesheni kitakachofanyika darasani: kunyoosha viungo na kupumua kwa mpangilio. Suruali pana na kanga kiunoni zinatosha kabisa.

Vikundi vya joging vimeshatuonyesha kwamba mazoezi yanawezekana bila geti: mnakutana barabarani, mnachangishana maji. Yoga ikae humohumo. Baada ya kukimbia Jumamosi, kabla jasho halijakauka, dakika 20 za kunyoosha mapaja na mgongo uwanjani, na daftari la michango likae kwa mweka hazina wa kikundi.