Nunua kiwambo cha bunduki, bastola ikiazime

Kwa tunaopenda shabaha huku Texas, swali hili haliishi: nikinunua kiwambo kimoja cha sauti, yaani kile kibomba kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu kupunguza mlio, kitanifaa kwenye bunduki ya kuwindia na kwenye bastola pia? Muuzaji atakujibu ndiyo, na wala hadanganyi. Viwambo vya namna hiyo vipo, vinauzwa kihalali, na vingine, kama Hybrid 46 ya kampuni ya SilencerCo, vinapitisha kila kitu kuanzia 9mm ya bastola hadi risasi nene za kuangushia nyati. Mimi pia najibu ndiyo, ila nina sharti langu. Kinunue kwa ajili ya bunduki, bastola iwe inakiazima tu. Wanaoanzia upande wa bastola huishia kununua mara mbili.

Sababu ya kwanza ni shinikizo. Risasi ya bastola ya 9mm kikomo chake ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000, na ile ya .45 ni 21,000 tu; namba ya risasi ni upana wake, kwa milimita au kwa sehemu ya inchi. Ukija kwenye bunduki, .223, iliyo karibu sawa na 5.56, inafika 55,000 na .308 inafika 62,000. Mtutu ukiwa mfupi, baruti huwa haijamaliza kuungua risasi inapotoka, kwa hiyo moto wote ule unakipokea kisahani cha kwanza ndani ya kiwambo, katika vile visahani vyenye tundu vinavyoipunguza gesi kasi. Ndiyo maana viwambo vingi vya bastola hutumia alumini, ni vyepesi, vya kupendeza mkononi, na ukikifunga kimojawapo kwenye AR-15, ile bunduki inayojipakia yenyewe kwa gesi, utaokota vipande. Vya bunduki ni titani, chuma cha pua, au Inconel, aloi ya nikeli inayovumilia joto, pale panapopigwa na moto zaidi. Kiwambo cha bunduki kinaweza kuvumilia kazi ya bastola. Cha bastola hakiwezi kuvumilia ya bunduki.

Halafu kuna tundu la kupitishia risasi, na hapa ndipo watu wanapolaghaiwa. Risasi ya .45 ina kipenyo cha milimita 11.5, 9mm ni 9, .308 ni 7.8, na 5.56 ni 5.7. Kiwambo chenye tundu la kupitisha .45, ukifyatulia 5.56, kinaacha uwazi mkubwa kiasi kwamba gesi inatoka mbele pamoja na risasi kabla visahani havijaipunguza kasi. Kelele inapungua, ndiyo, lakini si kwa kiwango ulicholipia. Duka nililokwenda mimi walinisukumia cha .45 kwa maneno yaleyale: “hiki kinakula zote.” Sawa, kinakula zote, lakini bastola ya .45 unayo? Wengi ninaokutana nao uwanjani wana bastola ya Glock ya 9mm, AR-15 ya 5.56, na pengine .308 ya msimu wa kulungu. Mtu huyo kiwambo chenye tundu la 9mm kilichothibitishwa kwa shinikizo la bunduki kinamtosha kabisa, na .300 Blackout, risasi ya bunduki yenye upana wa .308, inapita humo bila shida. Tundu la .45 ni la mwenye .45.

Niseme ukweli upande wa pili pia. Tundu pana lina faida yake kwenye AR-15, kwa sababu gesi inayokosa pa kutokea mbele hurudi nyuma kupitia mtutu na kukutemea usoni. Aliyewahi kufyatua AR-15 yenye kiwambo cha tundu finyu, bila kurekebisha gesi, anaujua ule moshi wenye harufu ya amonia unaochoma macho kuanzia risasi ya tatu ya nne, na kwa mwenye kutumia mkono wa kushoto ndiyo balaa, kwani unatoka upande wake. Kwa hiyo tundu la 9mm kwenye 5.56 ni maafikiano ninayoyakubali: kelele inaongezeka kidogo, machozi yanapungua.

Sasa bastola yenyewe. Nyingi za kisasa, Glock zikiwemo, zinafuata mfumo wa Browning: risasi ikitoka, mtutu hurudi nyuma kidogo pamoja na sleidi, kile kifuniko cha juu kinachoteleza, kisha unainama na kuiachia sleidi iendelee peke yake. Ning'iniza karibu nusu kilo kwenye ncha ya mtutu huo, na mashine yote inazubaa. Ganda linakwama, unafyatua moja, unakokota kwa mkono, unafyatua nyingine. Dawa yake ni busta, yaani pistoni na springi zinazokaa nyuma ya kiwambo na kukifanya kibaki palepale kwa kitambo huku mtutu ukirudi. Bila busta, kiwambo chako kwenye Glock ni pambo.

Busta hiyohiyo ukiisahau unapohamia kwenye bunduki, umeharibu. Mtutu wa bunduki haurudi nyuma, kwa hiyo kila risasi inakivuta kiwambo mbele na springi inakirudisha kwa kishindo, mpaka kitu kivunjike. Hata kabini (bunduki fupi) ya 9mm yenye mtutu usiosogea inataka kipande imara badala ya springi. Kwa maneno mengine, “kiwambo kimoja” maana yake ni kiwambo kimoja na kifuko cha vipande vyake: busta na pistoni yake, kipande cha mtutu usiosogea, kishikio cha bunduki, na spana. Kila unapohama unafungua nyuma, vidole vinakuwa vyeusi kwa masizi yenye mafuta, unafuta hesi (mikato ya skrubu), unafunga upya, unakaza. Baada ya kufyatua sana, masizi yanaganda na kipande hakifunguki mpaka ukilazimishe. Watu wanaokuuzia hawalisemi hili dukani.

Jambo moja la hatari nilitaje bila kuzunguka. Hesi za mtutu wa AR-15 ya 5.56 ni 1/2x28, yaani upana wa nusu inchi na mikato 28 kwa kila inchi. Hesi za mitutu mingi ya bastola za 9mm ni 1/2x28 vilevile. Kiwambo chenye tundu la 5.56 kitajifunga vizuri kabisa kwenye bastola yako ya 9mm, kitakaza, kitaonekana kimekaa sawa, na risasi ya kwanza itavipiga visahani uso kwa uso. Chuma hakikuonyi. Hii peke yake inanitosha kupendelea tundu la 9mm kwa mtu mwenye silaha zote mbili kabati moja: hata akikosea gizani, risasi inapita.

Kama unanunua sasa, hakikisha nyuma ya kiwambo kuna hesi za 1.375x24, zile mafundi wanaziita HUB. Kampuni nyingi zimekubaliana nazo, kwa hiyo kishikio cha kampuni moja kinafunga kwenye kiwambo cha nyingine. Miaka ya nyuma ulikuwa mfungwa wa aliyekuuzia.

Lakini kwa nini watu walitaka kiwambo kimoja tangu mwanzo? Kodi. Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kiwambo chake mwaka 1909. Baba yake ni yule Hiram Maxim wa bombomu iliyowafyeka wapiganaji wa Maji Maji, kwa hiyo nyumba moja ilitoa kelele na dawa ya kelele. Mwaka 1934 sheria ya shirikisho ikaweka kodi ya dola 200 kwa kila kiwambo, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na kiwango hakikubadilishwa kwa miaka tisini. Juu yake kulikuwa na kusubiri kibali cha ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ambako kwa muda mrefu kulichukua miezi mingi. Ukishalipa na kusubiri hivyo, ni nani asingetaka kitu kimoja cha kumaliza kazi zote? Sasa sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeishusha kodi hiyo kuwa sifuri kuanzia Januari 1, 2026. Fomu ipo palepale, alama za vidole zipo, picha ipo, kibali kipo, ila kwa njia ya mtandao kusubiri kumefupika sana. Kwa maoni yangu hoja ya “kimoja kwa zote” imebaki na mguu mmoja, nao ni bei ya kiwambo chenyewe, ambayo kwa cha maana bado inakaribia dola elfu moja.

Ndiyo maana nasema anza na cha bunduki. Kwenye bunduki utakitumia kweli. Kwenye bastola, Glock 19 ina urefu wa sentimita 18 na ushee, na kiwambo cha bunduki kikiwa na sentimita 20 unabeba kitu kirefu kuliko bastola yenyewe, kizito mbele, kinachoziba vilengeo vya kiwandani na kisichoingia kwenye ala. Utafurahi nacho Jumamosi moja, kisha utakirudisha kwenye bunduki na hutakitoa tena.

Wala usitegemee ule mlio wa “fyuu” wa kwenye filamu. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35 hivi, wakati mlio wa 5.56 unapita 160, na kiwango cha kuumiza masikio kwa mlio wa ghafla ni 140. Tena risasi yoyote inayopita kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde, inapasua hewa njia nzima, na kiwambo hakina la kufanya hapo. Ya 5.56 inakwenda zaidi ya 900. Ya 9mm ya grein 115 (grein ni kipimo cha uzito wa risasi) inapita kidogo, ya grein 147 haipiti, na hiyo ndiyo utakayoipenda. Vikinga masikio viendelee kukaa kichwani.

Kwa ndugu zetu wenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu: sheria ya shirikisho inawaruhusu kununua. Wenye viza za muda, kwa kawaida hapana. Majimbo manane, California, New York, New Jersey na Illinois yakiwemo, yanakataza raia kumiliki viwambo, kwa hiyo ukienda kumtembelea binamu Jersey City, kiache nyumbani. Na kukitia kwenye sanduku la kwenda Mombasa au Dar bila leseni ya kusafirisha nje ni jinai ya Marekani kabla hata hujafika kwenye sheria za huko.

Risasi ndogo ya .22 usiipitishe humo kama kiwambo hakifunguki. Inaacha madini ya risasi na uchafu usiotoka, na mwisho wa siku umepata rungu zito la gharama.

Kikishafika, kabla ya kufyatua, toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, kifunge, kisha pitisha fimbo ya kupimia ndani ya mtutu na uitazame kutokea mbele. Inatakiwa ikae katikati ya tundu. Ikiegemea ukingo, usifyatue hata moja, na cha kupeleka kwa fundi ni mtutu, maana mara nyingi hesi zake ndizo zilizokatwa vibaya.