Mzee Akiyumba Akisimama: Kabla ya Kuacha Vidonge vya Presha

Mzee wa miaka 75 anainuka kitandani, anayumba na kushika ukuta. Nyumbani hukumu hutoka papo hapo: vidonge vimemzidi, aviache. Ukweli kidogo umo. Mtu akisimama, damu hukimbilia miguuni, na mishipa hulazimika kubana upesi ili ubongo usikose. Uzeeni mishipa huchelewa. Dawa za presha zinazoongeza mkojo hupunguza maji na chumvi mwilini, prazosini, nayo ya presha, hulegeza mishipa, na tamsulosini ya tezi dume, ambayo pengine imeandikwa na daktari mwingine, huzidisha ulegevu huo.

Hata hivyo, kuacha tiba kuna gharama kubwa zaidi. Katika utafiti wa HYVET wa 2008, watu 3,845 wa miaka 80 na zaidi walifuatiliwa, na waliotibiwa walipungukiwa na vifo kwa asilimia 21. Utafiti wa SPRINT wa 2015 ulilenga kushusha namba ya juu ya presha chini ya 120: waliozirai waliongezeka, lakini majeraha ya kuanguka hayakuongezeka. Ila wanaoishi katika nyumba za kutunzia wazee hawakuchukuliwa, wala ambao namba yao ya juu ilikuwa chini ya 110 wakisimama. Kwa mzee dhaifu, basi, 120 si lengo la kukimbilia.

Kinachotuumiza ni kwamba wengi hupimwa wameketi tu. Mlaze dakika 5, pima. Asimame, mtu akiwa karibu wa kumdaka, pima baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, peleka namba hizo kliniki pamoja na dawa zake zote, hata za miti shamba. Zisiposhuka, sababu nyingine zitafutwe pia: sikio la ndani, upungufu wa damu, sukari kushuka.

Asiache dawa ghafla. Atenololi, dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo, ikikatwa mara moja, moyo huenda mbio na presha hupaa. Akiamka, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili akikunja na kukunjua nyayo, ndipo asimame. Dawa ya kukojoa anywe asubuhi, isimwamshe usiku gizani. Akiharisha, akitapika au akitaka kufunga Ramadhani, daktari aulizwe mapema. Maji ya kutosha humsaidia, isipokuwa mwenye moyo au figo dhaifu, ambaye hupangiwa kiasi.

Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea, kifua kikibana, akizirai au akipata choo cheusi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.