Simu ya kwanza ipigwe kwa jirani

Saa nane usiku simu ya kaka yangu ililia akiwa Dar es Salaam. Iliyompigia ilikuwa nyumba ya mama, huku Bugarika, Mwanza. Kile kidude cha tahadhari tulichofunga ukutani kilikuwa kimenasa moshi, kikapiga namba ya kwanza kwenye orodha, na namba hiyo ilikuwa ya kaka kwa sababu ndiye aliyetoa hela ya kukinunua. Kaka akanitafuta mimi. Simu yangu nilikuwa nimeizima. Akampigia shangazi Buswelu, naye akaanza kuulizia namba ya mtu yeyote anayekaa kule mlimani. Muda wote huo jirani wa mama amelala hatua kama kumi na tano kutoka mlangoni. Mvua ilikuwa inapiga bati, king'ora hakukisikia. Mama aliamka, akahangaika peke yake gizani na kufuli la geti la nondo. Alitoka mzima. Jiko liliteketea lote.

Kifaa hakikukosea, na bado nakitetea. Sensa zake, yaani vile vihisio vya moshi na vya milangoni, hazina waya. Zinatuma mawimbi ya redio kwenye kisanduku chenye laini ya simu, nacho kinapiga namba moja baada ya nyingine. Kina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika hakinyamazi. Tuliokosea ni sisi, tulioandika orodha kwa kufuata cheo cha ukoo.

Wazee wetu Usukumani wangetushangaa. Yowe likipigwa, anayetoka ni aliye karibu, na asiyetoka ana maswali ya kujibu kesho yake. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 walisimama juu ya desturi hiyohiyo. Sasa tunanunua mtambo wa kupiga yowe, halafu tunauelekeza likasikike umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara!

Na Mwanza hii ina milima yake. Bugarika, Mabatini, Igogo, Isamilo: nyumba ngapi zimekaa juu ya majabali ambako hata bodaboda inakuacha chini? Gari la zimamoto haliwezi kupanda ngazi za mawe. Namba yao ni 114, na lazima wapigiwe, lakini apige mtu anayeweza kusema "piteni njia ya kisimani, kijana anawasubiri pale kwenye mwembe". Sauti ya kifaa iliyorekodiwa haijui kuelekeza hivyo. Kabla hawajafika, wenye ndoo na mchanga ni majirani.

Kwa hiyo tumeipanga upya orodha ya namba. Ya kwanza ni jirani wa ukutani, ya pili kijana wa genge pale chini, ya tatu mjumbe, kisha mimi. Kaka ni wa mwisho, na hakufurahi. Jirani tulimwomba kwanza, tukamkabidhi na ufunguo wa akiba wa lile geti. Hilo la ufunguo naliona kubwa kuliko kifaa chenyewe, maana nondo tunazoweka kumzuia mwizi ndizo zinazomfungia mama ndani na moto.

Mengine ni utunzaji tu. Laini isikose salio. Sensa ya moshi ikae koridoni karibu na vyumba vya kulala. Ukiiweka jikoni italia kila mkikaanga samaki, na mwisho mtu ataing'oa. Sisi wa kando ya ziwa tuifute mara kwa mara, kwani wale wadudu wanaoinuka ziwani kama wingu wakiingia ndani yake, itawadhania moshi. Na isikudanganye ukalala na jiko la mkaa chumbani: hewa ya sumu ya mkaa haina moshi, sensa hiyo haiioni.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mama anabonyeza kitufe cha majaribio. Simu ya jirani inalia, anafungua dirisha na kuita, "Mama, ni majaribio au nije?" Mama anamjibu. Siku asipomjibu, jirani atakuja na ufunguo.