Alama ya Sijda Si Doa

Wiki moja baada ya Iddi alinijia kijana wa Wete na picha ya babu yake ndani ya simu. Mzee amekaa barazani, kanzu nyeupe, kofia ya viua, uso kaugeuzia njiani. Familia ilitaka picha kubwa ya ukutani. Kazi nilimpa msaidizi wangu, hodari wa kompyuta, na jioni akanionesha alichofanya: mikunjo imekwenda, madoa ya mashavuni yamekwenda, na pamoja nayo limekwenda lile baka jeusi la kwenye paji la uso, ambalo mzee kalipata kwa miaka mingi ya kusujudu. Kwa msaidizi lile lilikuwa doa kama madoa mengine. Mjukuu alipoletewa picha hakugomba. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na sijda yake iko wapi?"

Niliirudisha siku ile ile. Suali lake lakini halikuniondoka, kwa sababu sisi tunaoediti picha za wazee hatujakubaliana mpaka uko wapi, na kila upande una maneno ya haki.

Wanaotaka picha isafishwe wana hoja moja nzito: kamera si jicho. Ukikaa na bibi yako mkala muhogo, huhesabu makunyanzi yake. Uso unacheka, unageuka, unasema, na wewe unauona mzima. Picha inausimamisha. Mwanga wa alasiri ukimpiga ubavuni, kila mstari unapata kivuli chake, na mtoto anayempenda mamake anashtuka kumuona kachoka hivyo. Anayepunguza kivuli kile anamrudisha mama karibu na vile anavyoonekana nyumbani. Isitoshe, mtu akenda kupigwa picha huipiga pasi kanzu yake, hutia wanja, hufunga ushungi vizuri. Hakuna anayemwambia kajighushi.

Wala jambo hili halikuanza na kompyuta. Zama za negativu kubwa, ile filamu ambayo penye mwanga hutoka giza na penye giza hutoka mwanga, mafundi wa studio walichonga penseli ikawa kama sindano, wakajaza mikunjo juu ya negativu yenyewe. Penye kivuli usoni, negativu huwa nyepesi. Ukiitia penseli inakuwa nzito, na kwenye karatasi mstari unatoka hafifu. Watu wetu walikwenda studio ili watoke vizuri. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, imepitiwa na vizazi kwa vizazi vya Waunguja waliokaa mbele ya kamera wakiwa wamejipamba. Tofauti naiona kwenye mwendo wa kazi. Fundi wa penseli alikaa na uso mmoja muda mrefu na akalazimika kuutazama. Brashi ya kuponya ya Photoshop, programu ya kompyuta ya kuediti picha, brashi iliyokuja mwaka 2002, inafuta baka kwa mguso mmoja, na kwa wepesi huo huo ikafutwa sijda ya mzee wa Wete kabla mtu hajajiuliza ni kitu gani.

Upande wa pili, wasiotaka kuguswa kitu, mfano wao wa kila siku ni mwimbaji wa taarab Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013. Dunia ilimjua kwa uso ule ule uliojaa mistari, na angelainishwa tusingemtambua. Naukubali mfano huo, lakini nusu. Bi Kidude alikuwa mtu wa jukwaa, aliyezoea kutazamwa. Bibi wa Mkoani anayesuka ukili uani kwake hakuomba uso wake uwe maonesho ya uzee. Na wapo wapiga picha wa kuuzia wageni ambao mikunjo hawaiachi ilivyo, wanaiongeza. Picha inageuzwa nyeusi na nyeupe, ukali unavutwa mpaka mwisho, na mzee wa miaka 65 anatoka kama wa 90. Hiyo nayo ni kuediti, na kwangu ni mbaya kuliko kulainisha, maana anayelainisha kwa uchache alikusudia kumfurahisha mzee.

Hoja ya dini pia huletwa, kwamba ni kubadilisha alivyoumba Mwenyezi Mungu. Hukumu ya hilo nawaachia wanazuoni. Ninachojua ni kwamba ipo hadithi ya Mtume, iliyomo katika Abu Dawud, inayokataza kung'oa mvi kwa kuwa ni nuru ya Muislamu, na wazee wengi wa hapa wanaijua. Nikizitia weusi ndevu za mzee kama huyo nitakuwa nimempinga mbele ya wajukuu zake. Hina ni jambo jengine. Mzee kapaka hina kwa mkono wake, na programu ya kusahihisha rangi ikiiona ile rangi ya chungwa inadhani ni kosa la mwanga, inaizima. Hapo lazima mtu aiwahi.

Kitu ambacho mimi sikikubali kabisa ni rangi ya ngozi. Simu nyingi siku hizi zinalainisha na kung'arisha uso hata hujaziomba, na mzee mweusi anafika kwangu akiwa kijivu. Tabia hii ina asili yake: kwa miaka mingi Kodak, kampuni ya filamu, ilisambaza kwenye maabara za picha kadi za kupimia rangi zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi zetu zikawa za kukisiwa. Akija mteja kuniambia "mng'arishe kidogo", namrejeshea weusi wake kwanza, halafu tunazungumza. Aghalabu maombi yanaishia hapo.

Wenzangu wana kanuni: ondoa kilicholetwa na siku, acha kilicholetwa na umri. Chunusi, kidonda cha wembe, tongotongo, uzi uliochomoza kwenye kofia, vyote viondoke. Mikunjo naipunguza kivuli kwa asilimia 30 hivi, kwenye tabaka la peke yake ili niweze kurudi nyuma. Matundu ya masikio ya bibi zetu, chale, pengo la meno, ile duara ya kijivu inayozunguka mboni za wazee, sivigusi. Programu za akili mnemba ndizo zinazonitia hofu hapa, kwa sababu ukiziomba zifufue picha iliyochakaa zinaliziba pengo kwa meno mapya na kukupa bibi wa watu wengine. Picha za kitambulisho siziingizi katika mjadala. Hizo haziguswi, kwani mzee akenda kufuatilia Pensheni Jamii, pensheni ya wazee ya Serikali ya Zanzibar iliyoanza 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, asipofanana na kitambulisho chake atakayesumbuka ni yeye.

Kanuni hiyo inafaa kazi nyingi, lakini haitoshi. Wekundu wa tambuu kwenye midomo ya bibi umeletwa na siku au na umri? Na hili gumu zaidi: mabinti wameleta picha ya mama yao ya miaka ya 60, nywele kazitengeneza, gauni halina mikono, wanataka nimtie mtandio. Mwaka ule alichagua kupigwa vile. Baadaye alijistiri mpaka anakufa, na kuta za sebuleni zinaonwa na kila mgeni. Niliwahi kukataa ombi kama hilo nikidhani nailinda historia. Leo naona nilikosea. Picha ya ukutani ni ya nyumba, na stara ya marehemu ni dhamana ya watoto wake. Namtia mtandio kwenye nakala, kisha picha ya asili nairudisha mikononi mwao na kuwasihi wasiichane.

Kwa aliye hai, hata watoto wanaolipa sitaki wanijibie. Mwenye sura yupo, aulizwe. Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Chake Chake aliniletea picha ya mamake aliyepata kiharusi, mdomo umekwenda upande wa kushoto. Alitaka niunyooshe, na alilia akiniomba. Kunyoosha mdomo ni kazi ya nusu saa. Nilimwambia aende kwanza akamuoneshe mwenyewe picha ilivyo, amuulize anataka nini. Alirudi Jumatatu. Bibi kasema mdomo uachwe, ndio wake sasa. Ila plasta ya dripu mkononi iondolewe, na bangili yake ya fedha iliyofunikwa na plasta ile ionekane. Bangili sikuwa nayo kwenye picha, nikaomba iletwe niipige.