Mwekezaji akija, atanunua kwa nani?

Mdogo wangu ana karakana ya kuchomelea vyuma hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo. Mashine mbili, vijana watatu, bati juu. Mwaka juzi kampuni moja ya madini ilimwagiza vishikio vya chuma vya kuwekea mabomba. Mchana umeme ulikatika karibu kila siku, kwa hiyo vijana walilala palepale kwenye maboksi, na saa saba za usiku taa ikiwaka waliamka wakavaa miwani myeusi. Kazi ilipokelewa, ikasifiwa. Malipo yalifika baada ya miezi saba. Kufikia hapo mashine moja ilikuwa imeshauzwa na kijana mmoja ameondoka.

Ndiyo maana nikisikia wakubwa wametangaza mabilioni mengine ya dola za wageni, swali langu ni moja: watanunua kwa nani?

Sipingi wageni. Lubumbashi yenyewe ilizaliwa na mtaji wa kigeni. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliundwa 1906, na ile dohani ya kiwanda cha shaba tunayoipiga picha ni kumbukumbu yake. Wala siwazi kurudi enzi za Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ingawa wazee wetu waliiona kama baba na mama: posho ya unga, hospitali, shule, vyote kutoka mkono mmoja. Kampuni ile ilikuwa na karakana zake na hata mashamba yake. Ilipoanguka miaka ya 1990, nje ya ukuta wake hapakuwa na mafundi wenye biashara za kusimama peke yao. Mji mzima ulilala njaa pamoja nayo.

Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 ilipandisha mrabaha wa shaba, yaani sehemu ya mauzo ambayo mgodi huilipa serikali, kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na wa kobalti ukafika 10. Vizuri, na nasimama nayo. Lakini fedha ya mrabaha hupita mikono mingi kabla haijafika mitaani kama Katuba. Fedha ya ununuzi haina mzunguko huo: leo umeuza boliti, nguo za kazi au mboga za kantini ukalipwa, jioni mtoto anakula bukari, ugali wetu.

Tena sheria ya kusaidia hilo tunayo. Tangu 2017 kazi za ukandarasi mdogo, zile ambazo kampuni kubwa huwapa wengine wazifanye, ni za kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Kinachoniumiza ni majina ya kukodi: Mkongomani anatia sahihi, mgeni anachukua faida, na fundi wa kweli anaambiwa hana karatasi kamili.

Ningekuwa na sauti mbele ya gavana, ningeomba kila mgodi utangaze kila mwaka umenunua nini, kwa nani, na umelipa baada ya siku ngapi. Mwekezaji mwenye nia njema hataogopa. Yule aliyevutwa na msamaha wa kodi tu ataondoka siku msamaha ukiisha. Mwenye mafundi mia anaowategemea jirani ana sababu ya kubaki. Na umeme, jamani. Malori ya shaba yanapanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mchana na usiku, ilhali kilomita chache kutoka katikati ya mji fundi anangoja taa iwake.

Mdogo wangu ameitwa tena na kampuni nyingine. Safari hii ameomba nusu ya fedha kwanza. Bado hawajamjibu.